Kasri Lililoishi Bez Valley

Nyinyi mnaoshika mashine ya stepla na kumaliza kochi zima kabla chai haijapoa, nawasalimu. Sina ugomvi na stepla. Nina ugomvi na midomo yenu. Nikiingia karakana siku hizi nasikia kelele kama soko: huyu anabishana mambo ya mpira, yule yuko kwenye simu, mwingine anaimba. Kochi linafungwa na fundi wake hajui hata lilikuwa la nani.

Sisi tulifanya kazi midomo ikiwa imejaa misumari.

Sisemi kwa mafumbo. Unachota misumari midogo, unaitia mdomoni, na kwa ulimi unausukuma mmoja hadi kwenye midomo, kichwa chake kikitazama nje. Nyundo ina sumaku upande mmoja. Unaigusisha midomoni, inauvuta msumari, unaukita kwenye mbao. Unageuza nyundo, unaupigilia. Mkono wa pili umeshika kitambaa muda wote, haukiachii. Hiyo ndiyo faida. Faida ya pili Uncle Rafik hakunieleza mpaka nilipokuwa fundi kamili: mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kumjibu mteja.

Uncle Rafik ndiye aliyenifundisha. Karakana yake ilikuwa Fordsburg, hapa Johannesburg, nyuma ya duka la vitambaa la shemeji yake, nami nilikuwa naenda pale kununua vitambaa vya mapazia niliyoshona chumbani kwetu Joubert Park. Tuliishi watatu katika chumba hicho: mimi, mdogo wangu Furaha, na kitinda mimba wetu Amani. Wazazi wetu walifariki tukiwa bado Uvira, kule Kongo, mimi nikiwa mkubwa, nikaacha shule na sikurudi. Hao wawili wananiita Yaya mpaka leo. Nyinyi wa Nairobi na Dar msicheke. Kwetu yaya ni mkubwa wako wa tumbo moja, si mtu wa kuajiriwa kubeba mtoto. Ingawa nikifikiri vizuri, kazi ilikuwa ileile, ila mshahara.

Siku moja Uncle Rafik aliona ninavyovuta kitambaa kujua kinanyooka upande gani, akaniuliza kama nataka kazi ya kweli. Nikasema nataka. Wiki yangu ya kwanza nikameza msumari.

"Uncle, nimemeza."

Hakuinua kichwa. "Mmoja?"

"Mmoja."

"Kula ndizi, kula mkate mwingi, na leo usiruke kamba."

Msinifuate katika hilo. Kuna kliniki. Lakini ndivyo alivyokuwa, mtu wa maneno machache, miezi kumi na mmoja kwa mwaka. Ramadhani ikiingia aliogopa misumari isije ikamharibia saumu, akaiweka kwenye kopo. Basi mdomo wake ukawa wazi mwezi mzima, na Mungu anisamehe, tulihesabu siku zilizobaki kufika Idi kwa hamu kuliko waliokuwa wamefunga.

Ni kwa sababu ya misumari hiyo kwamba mimi, niliyeishia darasa la pili la sekondari, najua habari za kasri moja la Italia kuliko habari za mtaa wangu. Sijawahi kufika Italia. Kasri ndilo lililonifuata.

Lilikuwa Bez Valley. Mkipita mtaa wenyewe mngeona nyumba ya kawaida kama jirani zake, paa la bati jekundu, veranda ndogo, mbwa mnene asiyebweka. Ndani kulikuwa na sebule, jiko, na mlango ambao Uncle Rafik alinishika mkono kabla sijauvuka, kama mtu anayemzuia mtoto barabarani.

"Usiguse kitu. Tazama kwanza."

Kuta zote za chumba kile zilivikwa kitambaa kizito chekundu, hariri na sufu, maua yamefumwa humohumo, kutoka juu hadi chini, kona hadi kona. Katikati kitanda cha nguzo nne chenye paa lake la kitambaa na mapazia yake, kikubwa kama chumba chetu cha Joubert Park. Kukizunguka, viti vinane vya mgongo mrefu, vimebanana kama abiria. Na juu ya hayo yote dari ya mbao nyeupe za Bez Valley, chini kiasi kwamba paa la kitanda liliigusa. Kilikuwa chumba cha mfalme kilichovaa kofia ya mtoto.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mzee, mjane, mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Tulimwita Signora, kwa sababu Uncle Rafik alimwita hivyo. Ukoo wake ulikuwa Valdorsa, na Valdorsa, alituambia akimimina chai, walikuwa na kasri milimani tangu enzi ambazo hata Fordsburg ilikuwa nyasi.

Alipenda kusimulia. Nami nilikuwa nimepiga magoti chini ya kiti, mdomo umejaa. Angepata wapi msikilizaji bora?

Babu wa kwanza wa ukoo, alisema, alikuwa mwenye nyumbu wa mizigo, wale wa punda na farasi. Aliwabebea watu chumvi kuvuka milima, akatajirika, akajenga mnara mrefu. Vitabu vinasema ulikuwa wa kulinda bonde. Nyumbani kwao walijua kwamba ulikuwa wa kumchungulia kaka yake, aliyejenga wake ng'ambo ya bonde, maana walikuwa hawaongei. Wote wawili walizeeka juu ya ngazi. Halafu akaja mjukuu aliyetaka zisahaulike habari za nyumbu. Akachoresha dari ya ukumbi, ukoo mzima ukageuzwa malaika, mabawa na mawingu. Shangazi mmoja hakuwa na sura ya umalaika, na mchoraji alikuwa mtu mwenye huruma, akamchora amegeuka anatazama nyuma.

Ukumbi huo ulikuwa baridi mno hata walikula wamevaa glovu. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kazi, nanyi mlishike: kitambaa cha ukutani hakikuwekwa kwa majivuno. Jiwe halina huruma wakati wa theluji. Kitambaa ni blanketi la ukuta. Kila pambo mtakaloliona kwenye fanicha ya zamani, liulizeni kwanza lilikuwa linazuia nini. Mashada yale madogo ya nyuzi ya pembeni yalizuia vumbi. Mapazia ya kitanda yalizuia upepo, na macho ya watumishi.

Chumba chenyewe kiliitwa Chumba cha Askofu. Askofu alilala humo usiku mmoja tu, akalalamika kuhusu supu, akaondoka. Kwa usiku huo mmoja chumba kikapewa jina lake kwa vizazi na vizazi. Mimi nimefagia chumba cha Joubert Park miaka na miaka na hakuna aliyekiita kwa jina langu, cha Riziki.

Sasa, chumba cha askofu kilifikaje Bez Valley? Baba yake Signora alikuwa mdogo wa mwisho wa ukoo. Vita vikubwa vya Wazungu vilimkuta jangwani akiwa askari, akatekwa, akaletwa huku kusini pamoja na wenzake, wakafanyishwa kazi za barabara. Vita vilipoisha wengine wakarudi. Yeye alikuwa amempenda binti wa mwoka mikate. Ndugu zake wakaandika kwamba Valdorsa haoi unga. Akaoa unga. Miaka ikapita, ndugu wakaishiwa, wakauza kasri kwa serikali ya mji, wakagawana vitu: huyu vyombo vya fedha, yule picha. Walipoulizwa kuhusu yule wa Afrika wakasema, mpelekeeni kile chumba cha askofu, hakimwingii mtu nyumbani. Kikapakiwa melini, kikashushwa Durban, kikapanda treni. Naye akakipokea kizima, akakiingiza katika nyumba ya bati.

"Kwa nguvu," alisema Signora.

"Mmh," nilisema mimi, kwa sababu ya misumari.

Basi, kilichotuleta pale. Mji ule wa milimani uliamua kufungua kasri watu walitembelee. Wakakusanya walichoweza kwa ndugu waliobaki, na chumba kimoja tu kikawa kitupu. Wakamwandikia Signora. Hakuwa na mtoto. Alijua kwamba siku akifa wapwa wa mumewe wataita mnada, na chumba kitatoka mlangoni vipande vipande: kiti Sandton, kiti Pretoria, mapazia kwa mtu wa sinema. Hilo lilimnyima usingizi ndani ya kitanda hichohicho. Akawajibu: nawapa bure, kwa sharti moja. Mchukue vyote au msichukue hata uzi. Wakakubali, nao wakatoa sharti lao: atakuja mkaguzi kutazama kila kitu, na kitu kilichoharibiwa hakitapanda ndege. Mnaona hatari ilipo. Kimoja kikikataliwa, vyote vimebaki.

Viti vilikuwa vimelegea, mikanda ya chini imeoza. Kazi yetu ilikuwa kuvifungua, kukaza mikanda, na kurudisha kila kilichotoka ndani, kilekile. Hakuna sponji, hakuna stepla, hakuna kutupa. Vya ukutani tusiviguse mpaka mkaguzi afike.

Wangapi kati yenu mmewahi kufungua kiti cha zamani? Ndani hakuna sponji. Kuna nywele. Nywele za mkia na shingo ya farasi, nyeusi, zilizosokotwa kamba, zikachemshwa, zikafumuliwa zikiwa zimejikunja kama chemchemi. Ukikaa zinashuka, ukiinuka zinainuka, miaka mia na zaidi. Nilifungua kiti kimoja verandani, nikajaza nywele zake kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, nikaingia ndani kumshikia Uncle Rafik fremu.

Furaha akaja kuniletea chakula.

Furaha alikuwa msusi, na bado ni msusi, kiti chake kiko karibu na bustani ya Joubert Park. Ninyi mliolelewa kwetu mnajua: nywele iliyokatwa haiachwi ovyo. Inakusanywa, inachomwa au inafukiwa, asije mtu mwenye nia yake akaiokota. Furaha hafungi saluni kabla ya kuchoma nywele za siku. Sasa akafika kwenye nyumba ya Wazungu, akakuta mfuko umejaa nywele nyeusi, za zamani, zina harufu ya kaburi, na viatu vya dada yake viko kando.

Nilipotoka nilisikia harufu kabla ya kuona moshi. Alikuwa amelipata pipa la majani la Signora. Mkono mmoja umeshika kijiti, mwingine umeinuliwa mbinguni.

"Toka! Toka katika jina la Yesu! Hutamshika dada yangu!"

"Furaha!"

"Usisogee, Yaya! Nimekukomboa. Ilikuwa nyele ya bafu!" Bafu kwetu ni wafu, si chumba cha kuogea.

"Ilikuwa ya farasi!"

Akashusha mkono polepole. "Farasi?"

"Mkia wa farasi. Ndiyo kiti chenyewe!"

Akatazama pipa. Akatazama kijiti. "Sasa farasi naye," akasema kwa sauti ndogo, "kwa nini mkia wake ukae kwenye kiti?"

Uncle Rafik alitoka, akatema misumari yote mkononi, akabaki mdomo mtupu saa za kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona nje ya Ramadhani. Hakupiga kelele. Akasema, "Twende tukamwambie Signora sasa hivi, kabla moshi haujamwambia." Tukaenda, sisi watatu, Furaha nyuma na kijiti chake.

Signora alisikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza Furaha, "Uliomba sala gani?"

"Ya kufukuza roho za wafu, Mama."

"Zimetoka?"

"Mama, kwa ule moshi, zimetoka."

"Vizuri. Baadhi yao sikuwahi kuwapenda." Kisha uso ukabadilika, akakaa. "Lakini kiti sasa ni kitupu. Na yule mtu anakuja."

Uncle Rafik aliulizia nywele za farasi Johannesburg nzima. Fundi mmoja alicheka kwenye simu, mwingine alidhani anaulizia nyama. Kuagiza mbali kulihitaji muda ambao hatukuwa nao. Aliyetuokoa ni yuleyule mchomaji. Siku ya pili Furaha alikuja amebeba mafungu ya meshi, nywele za bandia za kusukia, nyeusi tii. Akaomba maji yanayochemka. Akasokota fungu kwenye kijiti, akalikaza, akalizamisha, akalitoa, akaliacha lipoe, akalifumua. Likaruka kama chemchemi.

"Tunawafanyia hivi wateja wanaotaka mawimbi," alisema. "Halinyooki tena mpaka Krismasi."

Uncle Rafik alilibonyeza kwa kiganja. Akalibonyeza tena. Akamtazama Furaha kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Binti, nani alikufundisha kutengeneza kijazo cha kiti?"

"Mimi natengeneza vichwa, Uncle."

"Ni kazi ileile. Vyote ni vya watu wasio na shukrani."

Tukakijaza kiti kwa meshi za Joubert Park, tukafunga pembeni uzi mweupe ili asiye kipofu auone. Uncle alikuwa na kanuni hiyo: rekebisha vizuri, ila usimdanganye fundi atakayekuja baada yako. Mtu wa mbele atakifungua kiti chako siku moja, na hutakuwepo kujieleza.

Mkaguzi akafika. Bwana Corrado, mnene, mpole, anatoka jasho kama barafu iliyowekwa dirishani. Nilitarajia mtu wa kutuonea, na nikajikuta nampenda, kwa sababu kabla ya kugusa kiti alinawa mikono. Signora alimkaribisha kwa Kiitaliano. Yule bwana akasimama, akaweka mkono kifuani, akamjibu.

"Anasema nini?" nilimnong'oneza Uncle.

Signora alisikia. "Anasema naongea kama bibi yake aliyekwisha kufa. Kiitaliano changu ni cha baba yangu. Kule kimeshabadilika, mimi nimebaki nacho kama kopo la zamani." Wale watoto wenu wanaojua Kiswahili cha kuomba chapati tu, waambieni nao wakitunze, huwezi jua bibi wa nani atakuja kufufuka mdomoni mwao.

Bwana Corrado alivikalia viti kimoja kimoja, macho amefumba. Kwenye cha Furaha akafumbua.

"Hiki ni kijana."

Nikatoa misumari mdomoni. Furaha, aliyekuja amevaa nguo ya kanisani, akajieleza mwenyewe, pipa, sala, kijiti na maji ya moto. Bwana Corrado alifuta jasho, halafu machozi, na ilibidi Signora ampe maji. Alipopata pumzi akatuambia kwamba kule kasrini wamefungua kiti cha mama mwenye kasri wakakuta maganda ya mahindi. Kingine kina blanketi la askari. Kila mtu alijaza alichokuwa nacho. Ili mradi imefanywa wazi na inaweza kuondolewa, si uharibifu, ni maisha ya kiti. Akaandika kijikaratasi, akaomba jina la fundi, akaandika Furaha. Mpaka leo mkienda kusukwa kwake atawaambia kabla hamjakaa: mimi nywele zangu ziko kwenye kasri. Mkubalieni tu, la sivyo atawavuta.

Tukadhani tumevuka. Tukaanza kunywa chai. Bwana Corrado akaenda kitandani na kamba yake ya kupimia, akapiga magoti, akakaa kimya. Ukimya wa fundi naujua. Hauji bure.

"Signora," alisema. "Miguu iko wapi?"

Signora akaweka kikombe chini.

Ni baba yake. Kitanda kilikataa kuingia chini ya dari ya Bez Valley, naye alikuwa amekingoja kwa meli na treni, hakuwa na subira iliyobaki. Akachukua msumeno, akakata nguzo zote nne chini, kipande cha urefu wa goti. Picha alizozituma Signora zilikuwa zimepigwa kuanzia godoro kwenda juu. Vile vipande viliishia jikoni, kwenye jiko la kuni, katika majira ya baridi ambayo hakutaka kuyazungumza.

Bwana Corrado hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alieleza polepole: dari ya chumba kile kule kasrini iko juu mara mbili ya hii, na kitambaa kilivikwa nusu ya chini tu ya ukuta. Kuta zitavikwa, viti vitasimama, na katikati kitanda kitakuwa kimechuchumaa. Kuunga mbao mpya kwenye nguzo, gundi na rangi, ni uongo, wenzake hawatakubali. Angependekeza wachukue kuta na viti. Kitanda kibaki kwa Signora, akitumie.

"Vyote au hakuna," alisema Signora.

"Signora, tafadhali. Ni kitanda tu."

"Nimezaliwa humo. Vyote, au hakuna."

Akaanza kukunja kamba yake. Na Signora, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiegemea kitu, akashika mgongo wa kiti.

Sijawaambia kuhusu mguu wa Amani. Mdogo wetu alizaliwa mguu mmoja mfupi. Siku ya kumaliza matanga ya mama, pale Uvira, wakubwa walikaa kutugawa. Shangazi wa Kalemie akasema atamchukua Furaha, ana nguvu, atasaidia dukani. Mjomba wa Bujumbura akasema mimi niende kwake. Wakaishia hapo. Nikauliza, na Amani? Mmoja akasema, huyo tutaona. Mnajua "tutaona" ya wakubwa. Nikasimama, msichana wa sekondari mwenye kitambaa cha kilio kichwani, nikawaambia anayetaka mmoja achukue watatu, na mguu wake uwe ndani ya hesabu. Hakuna aliyetaka watatu. Basi tukabaki watatu, mpaka tukaja huku. Na huku, fundi viatu mmoja karibu na Park Station alimtengenezea kiatu chenye soli nene. Soli ya kahawia, kiatu cheusi, kila mtu anaiona. Hajamdanganya mtu. Anatembea tu.

Mdomo wangu siku hiyo ulikuwa mtupu, nimeitoa misumari kwa ajili ya kiti. Pengine ingekuwemo ningenyamaza.

"Bwana," nilimwambia, "msikiunge miguu. Kivalisheni viatu."

"Viatu?"

"Vigogo vinne, vya mbao ya rangi nyingine. Kitanda kikanyage juu yake. Bila gundi. Mkichoka navyo mnavivua."

Uncle Rafik alikohoa. Bwana Corrado alinitazama, akaitazama kamba iliyokunjwa nusu. Akapiga tena magoti. Akaweka kiganja chini ya nguzo moja, kama anayempima mtoto mguu.

"Vigogo vitateleza," alisema.

"Ndiyo," nikasema. "Hilo sijui."

"Mimi najua. Kikombe kidogo kinachochongwa juu yake, nguzo ikae ndani." Alikuwa anajisemea. "Na mapazia yatakuwa mafupi. Nayo aliyakata."

"Nitayaongeza pindo. La rangi tofauti."

"Litakuwa baya."

"Baya kidogo."

Akacheka, akainuka kwa kushika goti, akamwambia Signora kitu kwa Kiitaliano. Signora aliachia mgongo wa kiti na kwenda kummiminia chai nyingine. Tukajua ni ndiyo.

Kilienda chote. Siku ya kufunga walikuja watu wa makreti. Viti vikatoka, kitanda kikatoka vipande vipande kila kipande na namba yake, na mwisho Uncle Rafik na mimi tukapanda ngazi kushusha vitambaa vya ukutani. Tulianza ukuta wa mlango, tukaja wa kushoto. Wa kulia nilipong'oa msumari wa tatu, mwanga ukanipiga usoni.

Kulikuwa na dirisha. Dirisha zima, lenye vioo, limefungwa na baba yake kwa sababu Chumba cha Askofu kule milimani hakikuwa na dirisha upande huo.

Lori liliondoka. Signora aliingia akasimama katikati ya sakafu tupu, mdogo, mikono haijui pa kwenda. Nilijiuliza kama tumemfanyia wema. Akaliendea lile dirisha, akasukuma. Lilikuwa limegandana na rangi. Nikapitisha patasi pembeni, nikaligonga kwa nyundo pande zote, likafunguka kwa kelele, na ng'ambo ya uzio mfupi mwanamke aliyekuwa anaanika nguo akaruka, nusura aangushe beseni.

"Hawu! Gogo! Kumbe kuna mtu humo?" Gogo kwao ni bibi, si ubao.

"Nipo," alisema Signora.

"Mimi naishi hapa tangu mtoto wangu wa kwanza! Nilidhani ni stoo!"

"Na mimi nilidhani huko ni ukuta. Huyo mtoto anaitwa nani?"

Yule mama akasogea na kibanio cha nguo mdomoni, akakitoa ili aongee, akaanza: mtoto, mume, paa linalovuja, yule mbwa mnene wa Signora ambaye alikuwa anakula kwake kila jioni. Signora aliegemea kizingiti. Bila kugeuka akaninyooshea mkono.

"Riziki, niletee kiti."

"Hakuna kiti, Signora. Vyote vimeondoka."

Alifikiri kidogo.

"Basi tusimame," alisema, akanisogezea nafasi.